Reli Zetu na Reli za Mataifa



Leo tupime reli. Marekani inapita kilometa 200,000, China 150,000, India 65,000. Ufaransa inaingia mara nne ndani ya Kongo, lakini reli zake zinapita kilometa 27,000. Sisi tuna karibu 5,000 tu, tena haziungani. Njia ya kutoka Lubumbashi inaishia Ilebo, kwenye mto Kasai. Ile ya Matadi, iliyomalizika 1898 kwa vifo vya watu wengi, inaishia Kinshasa. Kwa nini? Zilijengwa kupeleka mali ya nchi pwani, si kumfikisha ndugu kwa ndugu.

Basi, tusidai urefu peke yake. Tudai ziungane.