Gari la Deni, Gari la Zamani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu hapa Kalemie, kabla ya kura juu ya kununua gari la chama. Wengi waliomba yaandikwe ili wale ambao hawakufika, pamoja na wafadhili wetu, wayasome.)



Mheshimiwa prezida amenipa dakika ishirini. Nilitakiwa kusema juu ya usimamizi wa akiba, kwa sababu ndiyo kazi yangu: miaka saba nimezunguka vijijini, njia ya Nyunzu na njia ya Moba, nikifundisha watu waliorudi kutoka makambini namna ya kuweka makuta pamoja na kukopeshana bila kugombana. Lakini leo sitawafundisha. Leo nitawaelezea namna mwalimu mwenyewe alianguka mtihani. Halafu nitasema juu ya kura tutakayopiga baadaye.

Mnanijua. Nilivuka ziwa mwaka 1998, mtoto wa miaka kumi, tukafika Lugufu. Nimekulia kwenye foleni ya unga na maharage. Mama yangu alikuwa anauza sehemu ya mafuta ya posho ili sisi tupate daftari. Tuliporudi nikasoma, nikamaliza chuo kikuu Lubumbashi, nikapata kazi katika shirika. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo, siku anapoanza kupata mshahara mzuri, kuna kitu ndani yake kinamwambia: sasa onyesha kwamba umetoka kule. Mimi nilionyesha kwa gari.

Mwezi wa 10 mwaka 2023 nilinunua gari la kifahari huko Lubumbashi. Aina yake sitaitaja, maana kosa halikuwa la gari, lilikuwa la kwangu. Viti vya ngozi, vioo vyeusi, ukifungua mlango taa zinawaka chini. Bei dola 24,000. Nilikuwa na akiba ya dola 8,000, jasho la miaka sita. Banki ikanipa kredi ya dola 16,000 kwa miezi 36, faida asilimia moja na nusu kila mwezi juu ya deni linalobaki, na mshahara wangu unapita kwao kwanza. Kila mwezi wanakata dola 578, inayobaki ndiyo yangu. Mshahara ulikuwa 1,400.

Asilimia moja na nusu inasikika kama kitu kidogo, sivyo? Hata mimi mwalimu wa akiba nilisema, «Ni kidogo.» Sasa sikieni. Mwezi wa kwanza, katika zile dola 578, dola 240 zilikuwa faida ya banki. Deni lilipungua dola 338 tu. Na banki ilidai asiransi kubwa, ile inayolipa hata gari likiangushwa na mwenye gari mwenyewe: dola 1,100 kwa mwaka. Halafu esanse. Ile gari ilikuwa inakunywa karibu litre 16 kwa kilometa 100. Halafu barabara zetu. Mwezi wa tano, mguu mmoja wa mbele, ule unaofanya kazi kwa hewa, ukakufa. Mafundi wa hapa ni mafundi kweli, lakini walisimama wakaniangalia: «Bwana mukubwa, hii piyese hapa haiko. Hata Lubumbashi utaagiza.» Niliagiza. Dola 1,300 pamoja na usafiri, na majuma matano gari limelala kwenye lupango huku banki inakata 578 yake bila kuuliza kama gari linatembea.

Sasa nifike pale pananipa haya. Mwaka 2024, kuanzia mwezi wa 8, nilishindwa kutoa mchango wa chama. Miezi minne. Dola 5 kwa mwezi! Na katika miezi hiyo tulikuwa na misiba miwili, ambapo kila mmoja wetu hutoa dola 10. Sikutoa. Jumla nilidaiwa dola 40. Mtu anayekaa juu ya gari la dola 24,000 anadaiwa dola 40 na wajane wanaouza ndagala sokoni, ambao wao walikuwa wamelipa.

Msiba wa pili ulikuwa wa mtoto wa mwanachama mwenzetu aliyepo hapa, sitamtaja. Nilifika kwenye matanga na lile gari. Nikaegesha mbali kidogo. Mama mmoja mzee, ambaye Lugufu tulikuwa jirani naye, akanishika mkono akasema pole pole, ili wengine wasisikie: «Mwanangu, ile gari ni yako, ao weye ndiyo uko wa ile gari?» Sikuwa na jibu. Nilicheka, lakini usiku sikulala.

Asubuhi nilichukua karatasi na kalamu, nikafanya kitu ninachowafanyisha wengine kila juma na ambacho mimi sikuwahi kukifanya juu ya gari langu. Niliandika yote. Halafu nikaenda banki kuuliza: nikitaka kumaliza deni leo, mnadai ngapi? Wakati huo nilikuwa nimelipa miezi 14, yaani kama dola 8,098. Nilifikiri deni litakuwa limebaki dola 8,000 hivi. Wakaniambia: 10,771. Na kwa sababu ningemaliza mbele ya wakati, kuna malipo ya asilimia 2, yaani dola 215. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kontra. Nilikuwa nimesaini bila kusoma ukurasa ule.

Bibi yangu hakutaka niuze. Mniwie radhi nikisema ya nyumbani, yeye mwenyewe ameniruhusu. Alisema, «Watu watasema umefukuzwa kazi.» Na ndugu zangu wakasema mtu hashuki ngazi, anapanda tu. Wenzangu wa kazi wakasema kwenye barieri polisi wanaheshimu gari kubwa. Hilo ni uongo, niwaambie tangu sasa: kwenye barieri gari kubwa linaheshimiwa kwa kuombwa makuta mengi zaidi.

Mwezi wa 12 nililiuza Lubumbashi. Dola 17,500, baada ya kubishana siku nne. Nikalipa banki yote, nikabaki na dola 6,514. Fanyeni hesabu pamoja nami. Niliingiza 8,000 za kwanza na 8,098 za kila mwezi, jumla 16,098. Nikatoka na 6,514. Kwa hiyo dola 9,584 zilikwenda: 6,500 ni bei ya gari iliyoshuka, 2,869 ni faida ya banki, 215 ni ile ya kumaliza mapema. Gawa kwa miezi 14. Ni dola 684 kila mwezi, kabla ya kuweka tone moja la esanse. Nyumba nzuri ya kupanga hapa mjini ni bei gani? Nawaachia.

Kwa dola 4,800 nikanunua Toyota RAV4 ya mwaka 1999, ile mnayoiona pale nje chini ya mwembe, yenye mlango wa nyuma wa rangi tofauti. Ilitoka Japani, ikapitia Dar es Salaam, na usukani wake uko kulia. Sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kumpita lori ni lazima abiria akuangalilie njia. Dola 600 nikaziweka kwenye breki, mkanda wa injini na matairi mawili. Zilizobaki, nikalipa kwanza dola 40 za chama, nyingine nikaziweka.

Msifikiri nawaambia gari la zamani ni paradiso. Mwezi wa pili radieta ilitoboka njia ya Nyunzu, saa moja ya usiku, nikiwa na mama mjamzito ndani. Tulijaza maji ya mto kwa kidumu, tukatembea, tukasimama, tukajaza tena, mpaka saa sita. Alifika salama, lakini niliogopa sana. Gari la zamani linadai. Tofauti ni hii: linadai leo dola 30, kesho 80, na fundi wa mtaani anajua kulitengeneza, na piyese iko sokoni. Na likiharibika mwezi sina makuta, linalala. Hakuna mtu anayekuja kulichukua. Mimi kila mwezi naweka dola 60 pembeni kwa ajili yake, liharibike lisiharibike. Mpaka leo kisanduku hicho hakijakauka.

Na mnajua kilichofuata. Tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2025, prezida mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Mradi wangu ulikuwa wa makuta hayo. Kabla ya siku 90 kuisha, kontra yangu ilikatwa, pamoja na za wenzangu wengi. Nilikaa miezi mitano bila mshahara. Miezi ile, ile RAV4 ilibeba mihogo, samaki, wagonjwa na maarusi. Watoto walikula, na mchango wa chama sikuuruka hata mwezi mmoja. Kama ningekuwa bado na lile gari la deni, banki ingelichukua, na zile dola 8,000 za akiba zingekwenda nalo. Sikuwa na akili kuliko wenzangu. Niliuza majuma machache tu kabla ya mambo kuharibika, kwa sababu ya aibu ya dola 40. Mwenzangu mmoja wa kazi hakuuza. Sitasema zaidi.

Sasa kura yetu.

Komite imeleta pendekezo la kununua pick-up mpya ya dola 38,000 kwa kubeba wagonjwa na mazao ya wanachama. Tuna 15,000 kwenye kisanduku, sehemu kubwa ni zawadi ya wafadhili. Zingine 23,000 tutakopa. Komite ni watu waaminifu, siwashtaki. Shida wanayoiona ni ya kweli: mwaka huu tumebeba wagonjwa kwa moto, na mmoja hakufika.

Lakini nilifanya hesabu. Kwa kredi kama ile yangu, miezi 36, tutalipa kama dola 831 kila mwezi. Sisi tuko wanachama 212. Tukilipa sote dola 5, inafika 1,060. Katibu ametusomea asubuhi: mwezi uliopita waliolipa ni 151. Hiyo ni 755. Yaani mchango wote wa chama hautoshi kulipa banki, na bado hatujanunua mazutu, hatujalipa shofere. Msiba ukitokea tutatoa nini? Mgonjwa atapanda pick-up mpya mpaka hospitali, na pale mlangoni hatutakuwa na hata dola 20 za kumlipia kitanda. Na tukishindwa miezi mitatu, banki itachukua gari pamoja na zawadi ya wafadhili wetu waliomo humu ndani. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mimi naomba tununue Toyota Hilux ya zamani ya mazutu, kwa makuta tuliyo nayo, isizidi dola 12,000. Dola 3,000 zibaki kwa matengenezo. Na tuinunue kwa akili:

Fundi wa kuikagua awe wetu, asiwe wa muuzaji. Aiwashe asubuhi injini ikiwa baridi, aangalie moshi, aingie chini aangalie chasi kama imeoza au imeungwa. Namba ya chasi ilingane na ile iliyo kwenye karite roze na kwenye karatasi za dwane. Muuzaji awe ndiye mwenye jina, au alete karatasi ya mwenye jina. Tusitoe makuta nusu kwa ahadi. Na kila safari ya mazao ilipe kitu, hata kidogo, kiingie kwenye kisanduku cha gari peke yake, kisichanganywe na cha misiba.

Kwa wafadhili wetu neno moja tu. Najua picha ya gari jipya lenye maandishi mlangoni inapendeza kwenye ripoti. Hilux yenye mikwaruzo haitapendeza hivyo. Naomba mtuvumilie kwa picha mbaya. Badala yake tutawapa daftari: limebeba wagonjwa wangapi, limelala siku ngapi, limetengenezwa kwa kiasi gani.

Na kwa vijana wetu walio na mshahara wa kwanza, ambao wanaona aibu kuwa watoto wa kambi: mimi niliona aibu hiyo nikiwa ndani ya viti vya ngozi, na haikuniacha. Iliniacha siku nilipolipa dola 40.

Nimemaliza, mheshimiwa prezida. Nadhani nimezidisha dakika tatu.