Ujira na Asante

Somo letu la leo latoka sehemu mbili za Agano la Kale: Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, mstari wa 14 na wa 15, na Kitabu cha Ruthu, mlango wa 2. Mkipata nafasi, zisomeni pamoja jioni.

Huenda jambo tutakalozungumza litaonekana dogo mno. Twauliza hivi: mtu akihama nyumba, akawakodi watu wa kumbebea vyombo, na bei ikiwa imekwisha kupatanwa na kulipwa, je, awape wale wabebaji kitu zaidi? Na kama ni kuwapa, awape kiasi gani? Kila mwisho wa mwezi katika miji yetu twaona malori, pikapu na mikokoteni iliyojaa vitanda, makochi na mitungi ya gesi. Basi kila mwisho wa mwezi kuna mume na mke waliosimama jikoni katikati ya maboksi, wakinong'onezana juu ya jambo hili. Sisi nasi tulisimama hivyo.

Tulikuwa tukihama kutoka Umoja, Nairobi, kwenda Ongata Rongai. Tulikuwa tumekaa orofa ya nne, katika jumba lisilo na lifti. Tulipatana na kampuni moja shilingi 15,000, lori na watu ndani yake. Asubuhi wakaja watu watano: dereva, msimamizi na vijana watatu. Hatukuwauliza majina. Tuliwaita "vijana", nao wakatuita "baba" na "mama", kazi ikaanza.

Friji ilishuka orofa zote nne mgongoni mwa kijana mmoja mwembamba, mdogo kuliko wenzake. Kabati la vyombo likafuata, na kwenye kona ya ngazi likakwaruzwa ukutani, mkwaruzo wa urefu wa shibiri moja. Tuliuona, tukauweka moyoni. Kufika Rongai mvua ilikuwa imenyesha, na lori halikuweza kupita njia ya udongo iendayo nyumbani. Vyombo vyote vikabebwa kwa miguu hatua mia mbili hivi, matopeni. Yule kijana mwembamba akavua koti lake mwenyewe, akaifunika cherehani isiingie maji. Cherehani hiyo ndiyo inayotulipia karo ya watoto. Hilo nalo tuliliona, lakini hatukuliweka moyoni.

Jioni kazi ikaisha, nasi tukaingia jikoni kushauriana. Mmoja wetu alisema, "Bei tumelipa yote. Tena kabati wameliharibu. Hawatudai kitu." Mwenzake akajibu, "Lakini umewaona matopeni." Tukavutana kwa sauti ya chini mpaka tukachoka, tukaafikiana shilingi 1,000 kwa wote watano. Hatukuwa na noti ndogo, basi tukazituma kwa M-Pesa kwenye simu ya msimamizi, tukamwambia, "Mgawane." Tukafunga mlango. Jirani mpya, Mungu ambariki, alikuwa ametuletea ugali na sukuma wiki. Tukala, tukashiba, tukabakisha, tukaona kwamba tumetenda wema.

Wiki tatu baadaye, yule mwenye cherehani kati yetu alikuwa katika soko la Toi akitafuta vitambaa. Akamwona kijana yule akisukuma mkokoteni. Wakaamkiana kwa furaha. Mama akamwuliza, "Na ile asante yetu iliwafaa?" Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante gani, mama?"

Hakusema kwa hasira. Lakini kwa kuulizwa zaidi alieleza yaliyotokea. Jioni ile lori lilikwenda kulala Kiserian, pamoja na dereva na msimamizi. Vijana waliambiwa waje ofisini kesho yake kuchukua ujira wao. Hawakuwa na nauli. Walirudi kwa miguu usiku, kwa barabara ile ipitayo kando ya ua wa mbuga ya wanyama, mpaka Kibera. Koti lilikuwa limelowa. Na tangu chai ya asubuhi hawakuwa wametia kitu kinywani.

Hatujui msimamizi alizifanyia nini pesa zile. Pengine naye alikuwa na shida yake. Hilo tumemwachia Mungu, maana sisi tulikuwa na kosa letu la kutosha. Tulikuwa tumetoa, lakini tulitoa ili tumalize jambo, si ili wale watu wafaidike.

Ndugu wapenzi, sasa tulitazame Neno. Katika Kumbukumbu la Torati Mungu awakataza watu wake kumwonea kibarua aliye maskini, awe ni ndugu au mgeni akaaye miongoni mwao. Aagiza kwamba alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa ni mhitaji na moyo wake waungojea ujira huo. Asipolipwa atamlilia Bwana, na Bwana atamhesabia mwajiri dhambi. Sheria ya Kenya ya ajira ya mwaka 2007 yakubaliana na jambo hilo, kwa kuwa yasema kwamba kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Huo ni ujira. Ujira ni haki, wala si wema wa mtu.

Basi asante haiwezi kuwa badala ya ujira. Na hapa sisi wenye kukodi tujichunguze. Siku ile tulijisifu kwamba tumeiteremsha bei kutoka shilingi 20,000 mpaka 15,000. Hatukujiuliza zile 5,000 zitatoka wapi. Mafuta ya lori hayapungui kwa sababu sisi tu hodari wa kupatana bei. Si vibaya kupatana, lakini tukiisukuma bei mpaka chini kabisa, tujue kwamba huenda kuna mgongo wa mtu utakaoilipia.

Lakini Neno halikomei kwenye haki. Mtazameni Boazi. Torati ilikuwa imempa maskini, mgeni, yatima na mjane ruhusa ya kuokota masazo shambani baada ya wavunaji kupita. Ruthu alikuwa mjane, tena mgeni kutoka Moabu, kwa hiyo kuokota ilikuwa haki yake. Boazi angeweza kusema, "Sheria nimeitimiza," akaenda zake. Hakufanya hivyo. Alipofika shambani kwanza aliwaamkia wavunaji kwa jina la Bwana. Wakati wa kula ulipofika alimwita Ruthu karibu, akampa bisi, akala akashiba, akabakisha. Kisha akawaagiza vijana wake wachomoe masuke katika miganda na kuyaacha chini makusudi kwa ajili yake, wala wasimkemee. Jioni, alipokwisha kupura, Ruthu alikuwa na shayiri kama efa moja, yaani kama debe moja hivi kwa kipimo chetu. Akaenda nayo nyumbani kwa mkwewe Naomi bila kuomba wala kuaibishwa.

Yale masuke ya makusudi ndiyo asante tunayoizungumzia leo. Hayakuwa haki ya Ruthu, lakini yalitolewa na mtu aliyekuwa amemtazama, akauona uchovu wake, akajua na nyumba anayokwenda kuilisha. Tena tazameni kwamba Boazi hakuwapa wavunaji kapu zima akasema, "Mgawane naye." Alihakikisha kwamba kitu chake kimemfikia mwenyewe.

Labda mtu atauliza, "Je, hii siyo ile 'chai' ambayo kila siku twahubiriwa tusitoe?" La, hasha. Hongo hutolewa kwa siri, kabla ya jambo, ili mtu apewe asichostahili au amtangulie mwenzake. Asante hutolewa hadharani, baada ya kazi, kwa mtu aliyekwisha kuitimiza. Anayeipokea hafichi mkono, naye anayeitoa haoni haya akionekana.

Sasa, ni kiasi gani? Maandiko hayakutupa hesabu, wala sisi hatutawawekea sheria. Lakini tuwaeleze tunavyofanya tangu siku ile. Tukianza kupiga hesabu ya kuhama, twaiandika asante pamoja na bei ya lori, kabla hatujachoka na kabla hatujakasirika. Kiasi cha chini kwetu ni chakula cha mchana na nauli ya kila mtu mpaka kwake. Tukiona kazi imekuwa ngumu kuliko ilivyopatanwa, kama ngazi ni nyingi, au mvua imenyesha, au lori limekwama mbali na mlango, twaongeza. Na kila mmoja twampa chake mkononi mwake, au kwenye simu yake mwenyewe, kwa jina lake.

Na kitu kikiharibika? Mambo ya hasara yazungumzwe waziwazi na mwenye kampuni, kwa sababu ndiye tuliyepatana naye. Tusimtoze kijana kimyakimya kwa kumnyima asante, huku yeye hajui hata kosa lake ni nini. Mkwaruzo ule wa kabati letu fundi aliuondoa kwa nusu saa, akatutoza shilingi 200. Cherehani ingeingia maji, tusingejua la kufanya Januari shule zilipofunguliwa. Lakini jikoni tulikuwa tumehesabu mkwaruzo, wala hatukulihesabu koti.

Wengine wenu mtasema, "Sisi hatuna. Tunahama kwa sababu kodi imetushinda." Msihuzunike, wala msiende kukopa. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kipawa hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Tena kila mtu atoe kwa moyo, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Mjane anayehama na godoro moja na jiko la makaa aweza kutoa maji safi ya kunywa, kikombe cha chai, na neno la shukrani kwa jina la mtu. Hilo nalo ni suke la makusudi. Lakini aliye nacho asijifiche nyuma ya mjane. Neno la shukrani peke yake kutoka kwa mwenye friji, makochi na televisheni halimfikishi kijana Kibera.

Mwaka uliopita kanisa letu lilimhamisha mchungaji. Kamati ikakaa, ikaandika gharama za lori na za wabebaji. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Na asante yao tumeiandika wapi?" Tulitazamana, maana hata sisi tulikuwa karibu kusahau. Tukaandika shilingi 300 kwa kila mtu, watu sita. Asubuhi ya kuhama akina mama wakawapikia chai na viazi vitamu, nasi tukawauliza majina, tukayaandika juu ya bahasha. Kazi ilipokwisha, mchungaji akamwita kila mmoja kwa jina lake, akampa mkono na bahasha yake, kisha akawaombea safari njema. Jumla ilikuwa shilingi 1,800, na kanisa halikufilisika.

Na yule kijana wa Toi? Mama alitoa shilingi 500. Kijana akakataa mara ya kwanza, akasema, "Mama, ile kazi ilikwisha." Mama akamjibu, "Kazi ilikwisha, lakini deni langu halijaisha." Ndipo akapokea. Kabla hawajaagana mama akamwuliza jina lake, jambo ambalo tungalifanya asubuhi ile ya kwanza, kabla hajaitia friji yetu mgongoni.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyekuwa fundi seremala kule Nazareti wajua uzito wa mbao begani. Utusamehe kwa watu wote walioibeba mizigo yetu nasi hatukuwatazama. Wape leo wabebaji, makuli na vibarua nguvu za mwili, ujira wa haki, na njia salama ya kurudi kwao. Utupe sisi macho ya kuona na mkono usioshikilia mno. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi, na Bwana awabariki.