Jiwe Halikabi Mtu Shingo

Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi, nanyi wahitimu wetu wa uuguzi na utabibu: hongereni sana. Najua wengine mmetoka Bukombe tangu alfajiri na pilau limeshaanza kunukia, kwa hiyo sitawaweka sana.

Wanangu, wengi wenu mtapangwa hukuhuku: Kahama, Mwakitolyo, Nyarugusu, Rwamgasa. Huko machimboni atakuja kijana saa nne usiku, atasema ameteleza duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia. Mtazameni shingoni. Jiwe halikabi mtu. Alama ya dole gumba upande huu na ya vidole vinne upande ule ni mkono wa binadamu. Na yule aliyemleta, anayejiita kaka yake na kumjibia kila swali, mwombeni akasubiri nje, kisha fungeni mlango.

Namsema mwanaume anayepigwa na mwanaume mwenzake anayelala naye. Naona baadhi ya wazazi wameinamisha macho. Nisameheni, lakini watoto hawa mmewasomesha watibu kila anayeingia.

Kipigo cha ndani ya nyumba si kigeni kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 uliikuta Shinyanga ikiongoza nchini: asilimia 78 ya wanawake waliowahi kuolewa walikuwa wamefanyiwa ukatili na waume zao, wakati wastani wa taifa ulikuwa 50. Swali hilo la wenza waliulizwa wanawake. Huyu wa duarani hayumo kwenye hesabu.

Naye ana fimbo ya pili juu yake. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kwa kosa la kujamiiana kinyume cha maumbile, kinatoa kifungo kuanzia miaka 30 hadi maisha. Kinawahusu wote wawili, lakini mwenye duara, mwenye karasha na hela ya kula ndiye anayekitumia kutishia: "Nenda polisi, nitakutangaza." Basi fomu ya polisi, PF3, haifuatwi. Mkubwa akikataa kondomu, mdogo ananyamaza. Na baadhi ya wanaume hawa wana wake nyumbani, kwa hiyo kilichofichwa machimboni mtakutana nacho kliniki ya wajawazito.

Julai 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi, na Februari 2017 ikavizuia vituo 40 vilivyowahudumia wanaume kama hawa kutoa huduma za VVU. Sikuona nani aliyekingwa na hatua hizo. Asiye na kilainishi hupaka mafuta ya mgando, na mafuta hayo huipasua kondomu. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake. Sehemu ya misaada hiyo iliporuhusiwa kuendelea, dawa za kujikinga kabla ya maambukizi zikabakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Tusiopenda kusikia habari za watu hawa tulikuwa tumewaachia wafadhili kazi yetu.

Sasa ya kazi. Kisonono cha njia ya haja kubwa hakionekani kwenye mkojo. Ulizeni kwa lugha ya kawaida, bila kukunja uso, mchukue sampuli panapohusika. Pimeni kaswende na homa ya ini B. Aliyelazimishwa apewe dawa kinga ya VVU ndani ya saa 72, aimeze siku 28, na matibabu yaanze hata kama PF3 haijafika. Muulizeni pia usiku huu atalala wapi, maana vidonge 28 ndani ya chumba cha anayempiga havitafika mwisho.

Na midomo yenu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kutoa siri ya mgonjwa. Katika kituo kidogo, neno moja kwenye benchi la wagonjwa linafika machimboni kabla ya jioni, na huyo hatarudi tena.

Mkiripoti kituoni, siku ya kwanza ulizieni ufunguo wa kabati la dawa kinga. Kama anao mtu anayeondoka saa tisa na nusu alasiri, mwombeni mganga mfawidhi ukae na aliye zamu ya usiku.