Uaminifu wa Dereva ni Mali ya Kikundi

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki)

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Tutazungumza juu ya lori.

Pengine kuna mtu anajiuliza, "Sisi tuna lori gani?" Ni kweli, vikundi vyetu vingi havina hata mkokoteni. Lakini tuangalie vizuri. Ukienda soko la Karatina utakuta vitunguu vilivyotoka Tanzania vikapitia Namanga. Tangu lami ilipomalizwa kati ya Isiolo na Moyale katika miaka ya 2010, malori yanapita Nanyuki yakielekea Ethiopia. Na vijana wetu wako ndani ya malori hayo, wengine madereva, wengine taniboi. Kwa hiyo mambo ya mpakani yanatuhusu, hata kama hatujawahi kufika huko.

Njia ya walioaminiwa

Maafisa wa forodha hawawezi kufungua kila gunia la kila lori. Wakifanya hivyo, foleni haitakwisha na nyanya zitaoza. Basi dunia nzima forodha zimetafuta njia nyingine. Kampuni ambayo vitabu vyake ni safi, inalipa ushuru bila kufukuzwa na inalinda mizigo yake, inaandikwa miongoni mwa walioaminiwa. Malori yake hayapekuliwi mara nyingi kama mengine. Shirika la Forodha Duniani lilikubaliana juu ya mwongozo wa mpango huu mwaka wa 2005. Kwetu Afrika Mashariki mpango huu unaitwa kwa kifupi AEO, yaani wafanyabiashara walioidhinishwa na forodha. Hapa Kenya unasimamiwa na KRA, Mamlaka ya Ushuru.

Marekani walianza mpango wao wa malori, unaoitwa FAST, kwenye mpaka wa Kanada mwaka wa 2002, na mwaka wa 2003 kwenye mpaka wa Meksiko. Huko dereva mwenyewe anachunguzwa, anapigwa alama za vidole, anahojiwa, kisha anapewa kadi ya miaka 5. Lakini kadi peke yake haitoshi. Mwenye mzigo na mwenye lori nao lazima wawe wameidhinishwa. Mmoja akikosa, lori linarudi kwenye foleni ya kawaida. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Hapa kwetu anayeidhinishwa ni mfanyabiashara au kampuni, siyo dereva. Hata hivyo, usiku wa manane pale barabarani, mwenye kampuni amelala kwake. Anayekaa na mzigo ni dereva. Jina zuri la kampuni linasafiri mikononi mwake.

Sheria za dereva

Hizi ndizo sheria ambazo dereva wa kampuni iliyoaminiwa anatakiwa kuzishika. Tunazitaja ili nanyi mzijue, mkikodi lori mjue la kuuliza.

1. Mzigo na karatasi vifanane. Kama karatasi inasema magunia 100 ya vitunguu, yawe 100 na yawe vitunguu. Dereva asikubali kuondoka kabla ya kuhesabu.

2. Lakiri ilindwe. Lakiri, au sili kama madereva wanavyoiita, ni kile kifungo chenye namba kinachofunga mlango wa kontena. Madereva hufundishwa mambo manne: iangalie, linganisha namba yake na ya karatasi, ivute, izungushe. Ikilegea, imeguswa. Ikikatika njiani, dereva asiendelee na safari akitumaini hakuna atakayeona. Apige simu kwa kampuni na kwa forodha hapo hapo.

3. Asiache njia aliyopangiwa. Mwaka wa 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufuata kwa pamoja mizigo inayopita nchini kwa lakiri za umeme. Dereva akikata kona, akisimama mahali pasipoeleweka, au mtu akiichezea lakiri, habari inafika kwa maafisa papo hapo. Kwa hiyo mama, mwanao akibeba mzigo wa Uganda asipopitia Mukurwe-ini kukusalimia, usikasirike. Kazi yake hairuhusu.

4. Akague lori kila anaposimama. Achungulie chini ya trela, gurudumu la akiba, tanki la mafuta na nyuma ya kiti. Magendo hupenda kujificha mahali dereva hatazami.

5. Asibebe abiria wala kifurushi cha mtu. Hii tutairudia.

6. Awe na karatasi zake mwenyewe. Leseni, hati ya kusafiria, na bima inayofanya kazi ng'ambo ya mpaka. Bima hiyo inaitwa Kadi ya Njano ya COMESA, nayo inahusu madhara watakayopata watu wengine katika ajali. Msiichanganye na kile cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hivyo ni vitu viwili.

7. Apumzike. Sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Dereva aliyechoka hulala popote, na hapo ndipo mzigo hufunguliwa.

Na sisi je?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tunapenda kulaumu madereva, ati ni wezi, ati ni walevi. Lakini wacha tuulizane ukweli: ni nani humwambia dereva, "Niwekee tu hii kidogo nyuma ya kiti"? Ni sisi. Ni nani humsimamisha usiku na kumwomba lifti mpaka mjini? Ni sisi. Tunamwita mtoto wetu, tunamkumbusha kwamba tulimlea, na yeye anaona aibu kukataa.

Tuseme kuna kikundi cha akina mama 30. Kila mmoja ametoa shilingi 5,000, wakapata 150,000. Wamenunua vitunguu Tanzania, wamelipa kila kitu na karatasi wanazo. Jirani mmoja amemwomba dereva ambebee magunia mawili ya sukari isiyo na karatasi. Pale mpakani magunia hayo yanaonekana. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu mali ya magendo kutaifishwa, na gari lililoibeba pia linaweza kukamatwa. Lori linasimamishwa. Vitunguu vya akina mama viko ndani, juani. Je, vitunguu vitangoja kesi? Haviwezi.

Na hasara haiishii hapo. Kampuni inaweza kuondolewa katika orodha ya walioaminiwa, na kutoka siku hiyo kila lori lake lifunguliwe. Dereva anafutwa kazi, na karo ya watoto inakosekana. Yote hayo kwa ajili ya magunia mawili ya mtu ambaye hakuwa hata ndani ya lori.

Kwa hiyo tunawaomba mweke jambo hili katika kanuni za kikundi: hakuna mwanachama atakayemwomba dereva kubeba kitu kisichokuwa kwenye karatasi, wala kubeba mtu. Dereva akikataa kubeba kifurushi chako, mshukuru. Analinda pesa za kikundi chako.

Mwenye mzigo mdogo naye ana njia

Mtu atasema, "Mimi ni maskini, nitapata wapi karatasi za kampuni kubwa?" Si lazima upite njia za panya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Kama bidhaa zako hazizidi dola 2,000 za Marekani, zimelimwa au kutengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, na ziko kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, nawe huondolewi ushuru wa forodha kwa ujanja bali kwa haki yako. Namanga tangu mwaka wa 2018 kuna kituo cha pamoja, ambapo maafisa wa Kenya na wa Tanzania wanakaa sehemu moja.

Lakini cheti hicho hakiondoi vibali vya afya. Mazao yanahitaji kibali cha afya ya mimea, na hapa Kenya shirika la KEPHIS ndilo linalohusika. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini? Baada ya siku chache yaliruhusiwa tena kwa masharti: anayeingiza aandikishwe, na mahindi yawe na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi kiwango. Kikundi kinachotaka kuleta mahindi kiulize mambo haya kabla ya kuchanga pesa, siyo lori likiwa mpakani.

Wale wa Nanyuki mnaotazama Moyale, kumbukeni kwamba Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya. Utaratibu wa Namanga msiufikirie kuwa ndio wa Moyale. Ulizeni ofisi ya KRA kwanza.

Neno juu ya chai

Tunajua pia kwamba dereva mwenye karatasi safi anaweza kuombwa kitu kidogo. Hilo ni ovu, na si kosa lake. Tusimwachie peke yake. Mwambieni kila shilingi inayolipwa iwe na risiti, na pasipo risiti aandike mahali, siku na saa, akileta habari kikundini. Lakini tusimwambie, "Fika kabla ya alfajiri ya siku ya soko, hatutaki kujua umefikaje." Maneno hayo ndiyo humfanya avunje saa za kupumzika na kutoa hongo ili awahi. Tumlipe kwa haki na tumpe muda wa kutosha. Haraka haraka haina baraka.

Mkirudi kwenye vikundi, jadilianeni maswali haya:

- Ni nani katika kikundi chetu anayehesabu mzigo na kusoma karatasi kabla ya lori kuondoka?
- Tumewahi kumwomba dereva kubeba nini, na ingekuwaje kama angekaguliwa?
- Mwenye lori tunayemkodi, tumemwuliza juu ya bima, lakiri na mapumziko ya dereva?
- Vijana wetu walioko barabarani, tunawasaidiaje kusema hapana?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi, na mkutano unaofuata msomeane.