Daftari la Kompyuta Nalo ni Amana

Ndugu zangu vijana, dada zangu na wazazi wetu, Ramadhan Karim. Leo sitagusa hukumu za funga. Mashekhe wetu wako na wanatosha. Nataka tuongee juu ya ile kompyuta iliyoko katika ofisi ya msikiti, madrasa au chama chenu, na lile faili lenye majina ya watu.

Zamani tulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Siku hizi wengi wetu tumehamia kwenye hifadhidata ndogo, mara nyingi ya Microsoft Access, na watu watatu wanne wanaitumia pamoja. Humo mna mayatima na walezi wao, wajane, wanafunzi wanaolipiwa karo, waliotoa zaka na waliopewa. Mnajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana madeni. Basi kuandika si jambo dogo. Lakini ukishaandika, ni lazima ulinde ulichoandika.

Hebu fikiria: ni tarehe 25 Ramadhan, vyakula vimefika, na faili limekataa kufunguka. Nani alishapewa? Nani bado? Kuna mama ambaye mwaka jana alijieleza mara moja, kwa haya, akaandikwa. Je, sasa aje apange foleni ajieleze upya mbele za watu? Pesa zinaweza kuchangwa tena. Heshima ya mtu haichangwi.

Tuelewane kwanza hili faili linafanyaje kazi. Katika mifumo mikubwa kama ya benki, kuna kompyuta moja, yaani seva, ambayo ndiyo peke yake inayoandika. Wengine wanaituma tu. Access si hivyo. Faili linakaa mahali pamoja, lakini kila kompyuta inalifikia kupitia mtandao na kuliandikia yenyewe. Sasa stima ikipotea au mtandao ukikatika katikati ya kuandika, faili laweza kubaki nusunusu na kuharibika. Kwa hivyo shikeni mambo haya matano.

La kwanza, ligaweni faili mara mbili. Faili moja liwe na majedwali ya data tu, likae kwenye folda ya pamoja. La pili liwe na fomu na ripoti, na kila mtu awe na nakala yake katika kompyuta yake. Access yenyewe ina amri ya kugawa, katika sehemu ya zana za hifadhidata. Mkigawa, fomu ya mmoja ikiharibika mnampa nakala nyingine, na majina ya watu hayajaguswa.

La pili, nakala za akiba. Kila siku ya kazi toeni nakala ya faili la data na kuipa jina lenye tarehe. Musiandike juu ya nakala ya jana, kwa sababu kama faili liliharibika bila nyinyi kujua, mtakuwa mmefuta nzima kwa mbovu. Nakala moja ibaki ofisini kwenye diski nyingine, na moja ikae nje ya jengo, maana mwizi au moto haubagui. Halafu, mara moja kwa mwezi, fungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine muone kama inafunguka na kama hesabu ya majina ni ileile. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Na kabla ya kunakili, hakikisheni hakuna aliye ndani. Mtajuaje? Mtu akifungua hifadhidata, kunajitokeza faili dogo pembeni, jina lilelile lakini linaishia na .laccdb, au .ldb kwa mafaili ya zamani ya .mdb. Hilo ni kama viatu mlangoni mwa msikiti: ukiviona, jua kuna mtu ndani. Lakini kompyuta ikizimika ghafla, laweza kubaki hata kama hakuna mtu. Ulizeni kila mmoja kwanza, ndipo mlifute.

La tatu, kubana faili. Ukifuta majina, nafasi yao hairudi yenyewe. Faili linaendelea kunenepa. Mwisho wake ni GB 2, halipiti hapo. Iko amri ya kubana na kurekebisha. Itumieni kila baada ya muda, lakini watu wote wawe wametoka na nakala ya akiba iwe tayari. Na picha za watoto musizitie ndani ya faili. Wekeni kwenye folda iliyolindwa, na ndani muandike tu picha iko wapi.

La nne, njia. Tumieni waya kuliko waifai, na kompyuta yenye faili iwe na betri ya akiba ya kuiwezesha kuzimwa taratibu stima ikipotea. Musilifanyie kazi faili la pamoja likiwa ndani ya Dropbox au OneDrive. Huduma hizo zinanakili faili zima, kwa hivyo watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja mtapata mafaili mawili yanayopingana. Nakala ya akiba kupelekwa huko ni sawa, bora ifungwe kwa nywila madhubuti.

La tano, siri. Si kila kijana anayejua kompyuta anafaa kuona orodha ya wanaopokea zaka. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu, afya yake, mali yake, ndoa yake na majina ya watoto wake kuwa habari nyeti, na habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Basi flashi yenye orodha isizunguke mifukoni, na ripoti zikichapishwa zisiachwe mezani. Wekeni nywila, na anayeondoka kwenye kamati aondolewe ruhusa siku hiyohiyo.

Mwisho, vijana wangu, teueni wawili, si mmoja. Mmoja akisafiri au akiolewa mji mwingine, mwenzake ajue faili liko wapi, nakala ziko wapi, na nywila imehifadhiwa kwa nani. Andikeni hatua zote kwenye karatasi moja, muifungie kabatini. Na wazazi, mukiona mtoto wenu amebaki ofisini baada ya alasiri akitoa nakala, musimwambie anapoteza wakati. Analinda haki za watu wasioweza kuzilinda wenyewe.

Allah atutakabalie funga zetu na atufanye miongoni mwa wanaotunza amana. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.