Taya Lisilokwisha Kukua
Mzazi aonapo meno ya juu ya bintiye wa miaka 11 yametangulia mbele hata midomo haikutani, hudhani kwamba kazi ya tabibu ni kuyarudisha nyuma kwa waya tu, ilhali tabibu mwenye maarifa hutaka kwanza kujua uso ule umebakiza kukua kiasi gani. Mjini Copenhagen, tangu miaka ya 1950, Profesa Arne Björk alipachika vijipini vya madini katika mataya ya watoto, akawapiga picha za eksirei mwaka baada ya mwaka, ikadhihirika kwamba taya la chini huzunguka huku likikua, wala halirefuki kwa mstari mmoja.

Kwa kuwa ukuaji huo una wakati wake, taya fupi la chini husaidiwa kwa kifaa wakati wa baleghe, ambapo wasichana huwatangulia wavulana kwa takriban miaka 2; bali lililozidi urefu, likihitaji upasuaji, aghalabu husubiriwa hadi ukuaji utulie, na kwa wavulana subira hiyo yaweza kupita umri wa miaka 18. Ni dhiki kubwa, naiona, kwa kijana afichaye mdomo kwa kiganja kila achekapo. Basi na aelezwe sababu waziwazi, yeye mwenyewe, si mzazi wake peke yake.