Kuanza Upya si Kurudi Nyuma

Ndugu zetu, wako miongoni mwetu wanaoishi Marekani, waliokwishapata shahada, kisha nyoyo zao zikaelekea uuguzi. Vyuo vya huko huwafungulia njia fupi: shahada ya uuguzi kwa miezi 11 hadi 18 hivi, kwani masomo ya jumla waliyoyasoma hayarudiwi. Lakini tusighurike! Kilichopunguzwa ni muda, si elimu wala zamu za mazoezi hospitalini. Na baada yake upo mtihani wa leseni, NCLEX-RN. Vyuo vingi huwanasihi wanafunzi wasifanye kazi ya mshahara kipindi hicho. Basi mwenye familia na ashauriane kwanza na watu wa nyumbani kwake, na aweke akiba. Wala asione haya kukaa tena darasani. Mgonjwa hamuulizi muuguzi alianza kusoma na umri gani.